Kibati cha Papa Monga

Jumamosi ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, na mke wangu akisoma hapa atanisamehe, maana hadithi hii anaijua tangu zamani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, na ile baridi yetu ya Lubumbashi ambayo watu wa kwingine hawaiamini ukiwaambia. Nilikuwa nimesimama ndani ya ukumbi wa parokia kule Makomeno, nimevaa viatu vipya vilivyonibana vidole, nikingoja watu waingie kuangalia picha zangu. Picha kumi na moja. Zote za maneno na namba. Hakuna uso wa mtu, hakuna mto, hakuna mwanamke mwenye mtungi kichwani. Wenzangu walichora vile na vilipata wateja. Mimi nilikuwa nimejiapia kuwa wa kwanza mjini kuwafanya watu waning'inize neno sebuleni kama wanavyoning'iniza Bikira Maria.

Usicheke. Na wewe una kiburi chako, tena kinakubana kuliko viatu vyangu vile.

Kazi yangu nilikuwa nimeijifunza ukutani. Niliandika majina ya maduka, ya baa, ya mafundi cherehani, ya vinyozi. Siku hizi mnabonyeza mashine na herufi inatoka imenyooka. Sisi tulichukua kamba, tukaipaka chokaa, mmoja akashika huku na mwingine kule, tukaivuta na kuiachia ipige ukuta. Pah! Mstari umenyooka, na chokaa imekuingia puani. Halafu unaanza na herufi ya katikati, si ya kwanza, ili neno lisije likakosa nafasi mwishoni. Katika namba zote, iliyonitesa ni nane. Duara la juu lazima liwe dogo kidogo kuliko la chini, la sivyo nane yako inaonekana kama mtu anayetaka kuanguka. Nilikaa miezi nikiandika nane tu, kwenye maboksi, kwenye ukuta wa choo, mpaka mama yangu akauliza kama kichwa changu kiko sawa.

Ah, nilikuwa nazipenda namba! Mpaka leo harufu ya rangi ya mafuta ikinipata barabarani, nasimama.

Sasa kati ya zile picha kumi na moja, moja ilikuwa malkia. Nilikuwa nimeitengeneza kwa kitambaa cha magunia ya unga, nimeipaka njano ya soko, ile njano ya vibao vya wauza mboga. Juu niliandika kwa herufi nyekundu BEI MUZURI. Chini yake, kubwa kama mlango, namba 3806. Na kwenye kona ya chini nilipigilia kibati chenyewe nilikoitoa namba hiyo, kibati cha duara, kimechakaa, namba imegongwa kwa mkono. Nilikuwa nimekiokota sokoni kwa wauza vyuma, kati ya skrubu na bawaba za milango.

Ninyi watoto wa leo hamvijui vibati. Baba zetu walipotoka kaskazini, Kabalo, Kongolo, Manono, wakashuka kwenye treni na kuingia kazi za mgodi, kila mmoja alipewa namba na kibati chake. Namba ile haikubaki kazini. Ilirudi nyumbani, ikakaa mezani pamoja nasi. Ukiugua, unataja namba ya baba. Ukienda kwenye foleni ya unga, namba ya baba. Ukivunja dirisha la mtu, anakushika sikio na kukuuliza namba ya baba yako. Tulizitaja kwa Kifaransa, haraka haraka, kama watoto wanavyosoma Salamu Maria bila kupumua.

Kwa hiyo nilijua, mwanangu. Usidhani sikujua. Nilipokiona kibati kile sokoni nilijua kabisa kwamba kilikuwa cha mtu. Lakini nilijiambia, kama kimefika kwa wauza vyuma basi hakina mwenyewe tena. Na ile nane ilikuwa nzuri, jamani. Nzuri sana.

Picha hiyo ilikuwa imeshachaguliwa hata kabla ya ukumbi kufunguliwa. Papa Kambale, mfanyabiashara mkubwa kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye maghala na malori, alikuwa amepita Alhamisi tulipokuwa tunatundika. Alicheka mbele yake mpaka akashika tumbo. Akasema itakwenda nyumbani kwake Golf, mtaa wa matajiri, itakaa juu ya kiti chake, wageni wote waione. Tena akanipa mkono kwamba nitaandika malori yake yote tisa, mlango kwa mlango, jina na namba. Malori tisa! Yanazunguka Katanga nzima na mkono wangu ubavuni! Nilikwenda nyumbani siku ile nikijizoeza sahihi mpya.

Basi Jumamosi ile watu wakaingia, wakazunguka, wakacheka, wakanipongeza. Akaingia pia mama mmoja mzee, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, rozari mkononi. Nilimjua kwa sura tu. Alikuwa Mama Selestina, mjane aliyekuwa akifagia kanisa. Alipita picha zote bila kusimama. Alipofika kwenye ile ya njano alisimama. Akaisogelea. Akainama kwenye kona, akaweka kidole juu ya kibati.

"Mutoto," akasema, "hii kibati uliitosha wapi?"

"Ku soko, Mama. Kwa bale ba bichuma."

"Hii njo namba ya bwana yangu. Njo Monga. Baliiba kisanduku yetu, na kibati ndani, siku tulitoka mu nyumba ya kambi. Naitafuta miaka kumi na tatu." Akanyoosha kiganja. "Unipe."

Watu walikuwa wameanza kutugeukia. Na mimi, mwanangu, badala ya kuona mama mwenye kiganja wazi, niliona malori tisa yakiondoka. Nikamwambia picha imeshapata mwenyewe. Akasema hataki picha, anataka kibati. Nikamwambia bila kibati picha si picha. Halafu nikaongeza lile neno, Mungu anisamehe, nikalisema huku natabasamu kwa ajili ya watu: "Namba iko tu namba, Mama."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniangalia tu, akaniuliza polepole, "Bon. Na ya baba yako, iko ngapi?"

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. 2741. Ilitoka kwa Kifaransa, bila kupumua, vilevile kama kwenye foleni ya unga.

"Uandike ile basi," akasema. "Uandike ya baba yako, uweke juu yake bei muzuri, bantu baende nayo ku Golf, bacheke. Kisha njo ukuye uniambie namba iko tu namba."

Akageuka, akatoka.

Ungedhani hapo nilimkimbilia. Hapana. Nitakuambia ukweli wote, maana nusu yake haitakusaidia. Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira, na kwa hasira ile niliitoa picha ukutani mchana uleule, nikaikodia mkokoteni, nikaipeleka Golf mwenyewe kabla moyo haujanigeuka. Papa Kambale akaitundika juu ya kiti chake. Nikapewa soda baridi na biskuti. Nilikula zile biskuti, mwanangu.

Kesho yake, baada ya misa, nilimkuta baba yangu mezani. Alikuwa ameshastaafu, kifua kinamsumbua, na kwa kawaida alikula kimya. Siku hiyo habari za ukumbini zilikuwa zimeshamfikia, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya bukari, ugali wetu, haukati tonge.

"Ulimupeleka ku Golf?" akauliza.

"Nilipeleka picha, Papa."

"Miye nauliza juu ya Monga."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani kwetu, hata siku moja. Pale kazini kulikuwa na ubao mkubwa wenye misumari, kila msumari na namba yake. Ukiingia zamu, unatundika kibati chako. Ukitoka, unakichukua. Zamu ikiisha wote wanapita mbele ya ubao ule, na kila mtu anaangalia bila kutaka kuangalia. Siku ile mwamba ulipowaangukia watu ndani, walihesabu waliotoka wakadhani wametoka wote. Kelele, vumbi, watu wanakumbatiana. Baba yangu akapita mbele ya ubao kuchukua chake. Kibati kimoja kilikuwa kimebaki.

"Nilikiangalia," baba akasema. "Nilikisoma mara mbili. Sikutaka kukigusa, lakini njo miye nilikitosha ku musumari, njo miye nilimupelekea Selestina kwa mukono yangu. Alikipokea na mikono mibili, sawa vile unapokea mutoto. Na weye ulikipiga musumari."

Hakuendelea. Alisukuma sahani, akaenda kulala mchana kweupe, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiacha chakula. Mimi nilibaki pale nikilia, kijana mzima mwenye viatu vipya. Nililia mpaka mama akaja kuondoa vyombo, akaniacha nilie, wala hakuniambia ninyamaze.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Papa Kambale na koleo mfukoni. Usimwone mtu mbaya. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, na niliona kabisa kwamba jambo lenyewe limemgusa. Lakini alikuwa ameshawaonyesha wageni, ameshajisifu, na mtu wa biashara ukimpa neno ukarudi kulichukua, umemvunjia heshima nyumbani kwake. Nikamwomba anipe kibati tu, nitamchorea picha nyingine tatu bila malipo.

"Kijana," akasema, "mimi nilipenda hiki. Ukikitoa, chukua na kitambaa chako. Na malori yangu usiyaguse."

Alinitazama kama anayenipa nafasi ya mwisho. Koleo likateleza mara mbili. Nikang'oa. Nikatoka na kitambaa kimekunjwa kwapani na kibati kiganjani, na yale malori tisa yakaandikwa na mtu mwingine. Mengine bado yanatembea. Ukutane nayo barabarani uziangalie zile M, zimepiga magoti utafikiri zinaomba msamaha. Hata leo nikiziona roho inaniuma kidogo, sitakudanganya.

Kutoka Golf nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Selestina, kwa miguu. Nilimkuta uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikapiga goti, nikampa kibati kwa mikono miwili. Nilitegemea nini? Labda atalia, labda atanibariki, labda ataniambia mimi ni kijana mwema. Alikifuta kwa kitenge chake, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya namba. Akafika kwenye nane. Ndani ya lile duara la chini, ambalo nilikuwa nimelipenda kuliko yote, kulikuwa na tundu la msumari wangu.

"Ulimutoboa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akaliziba tundu lile kwa kidole gumba. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu akasimama, akaingia ndani, nikasikia anafungua kufuli ya kitu. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu.

"Bon. Ukae. Utakula."

Tulikula bukari na sombe, na wakati tunakula akanisimulia. Alikuwa anaitwa Monga Felisyen. Alikuwa anaogopa kinyozi. Aliimba vibaya kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikuwa anakula bukari akianzia pembeni, anaacha sehemu ya katikati kwa ajili ya mtoto. Nilisikiliza kila kitu, na ile namba niliyoikodolea macho miezi miwili, nikiipima kwa kamba na kuipaka nyekundu, kwa mara ya kwanza ikawa na mtu ndani yake.

Nilipoaga akaniuliza kama mkono wangu unaweza kuandika kwenye mbao. Msalaba wa mume wake ulikuwa umeoshwa na mvua, hausomeki. Tukaenda pamoja makaburini. Niliandika jina lake lote, na chini yake, ndogo, kwa uangalifu, 3806. Ile nane niliiandika vizuri kuliko zote nilizopata kuandika maishani. Hakuna aliyeisifu.

Kazi yangu ilianzia pale, mwanangu, si kule ukumbini. Mjane mwingine aliuona msalaba, akaniita. Kisha mtoto wa mtu wa reli, akitaka namba ya baba yake, si ya kaburini bali ya kutundika nyumbani, jina juu, namba chini. Kisha wengine. Miaka ikapita, wageni wakaja na kamera zao, picha zangu zikapanda ndege kwenda nchi ambazo mimi mwenyewe sijazikanyaga, na wasomi wakaandika kuhusu mimi maneno marefu ya Kifaransa ambayo mke wangu alinisomea huku anacheka. Mtaani nikaitwa Papa Namba. Lakini namna ya kufanya kazi haikubadilika. Sikuichora tena namba kabla ya kukaa na wenyewe, kula nao, kusikia jina, kuomba ruhusa. Wenzangu walimaliza picha kumi nami naimaliza moja. Kuna waliokataa, nami nikakunja kitambaa nikaenda nyumbani. Ile ya njano niliichoma uani, baba yangu amekaa kwenye kiti anaangalia. Laiti ungemwona alivyokuwa anasukuma vipande motoni kwa ncha ya kiatu! Nimemkumbuka sana leo.

Sasa nikuambie kwa nini nimekaa kukuandikia haya yote.

Jana uliniletea turubai yako, ile unayotaka kuipeleka kwenye maonyesho mwezi ujao. Namba ya simu, kubwa, nyeupe juu ya bluu, na neno PIGA. Mkono wako ni mzuri. Nasema kweli, nafasi kati ya namba umeziacha vizuri kuliko nilivyoziacha mimi nikiwa na umri wako. Nikakuuliza ni ya nani. Ukainua mabega. "Papa, iko tu ya ku ukuta, kule karibu na stesheni ya gari la moshi."

Ulipoondoka, nikapiga.

Akapokea mama mmoja. Nyuma yake nilisikia watu wanapiga kelele za bei na filimbi ya treni. Yuko Sakania, kule mpakani. Anauza unga na mafuta kidogo kidogo pale stesheni, na namba aliiandikisha ukutani huku kwetu ili wateja wake wa Lubumbashi wamwagize. Alinieleza haya kwa furaha, akidhani mimi ni mteja. Halafu akaniuliza, "Papa, nani alikupatia namba yangu?"

Akauliza tena. Ningesema nini? Kwamba iko kwenye turubai, na mwezi ujao watu wa mjini watasimama mbele yake na glasi mkononi? Nikakata simu. Mimi, mzee wa zaidi ya miaka sabini, nikamkatia mama wa watu simu kama mwizi, na jioni yote nimekaa na aibu ileile ya Makomeno.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Sikukatazi namba, wala sikukatazi maneno. Ni mali ya kila mtu na ndiyo kazi yetu. Ninachokuambia ni hiki: usichukue ya mtu kabla hujamjua mtu. Panda treni. Nenda Sakania, mtafute yule mama stesheni, nunua unga wake, kaa juu ya gunia umsikilize. Mwonyeshe ulichokifanya. Akicheka, akafurahi, utakuja kuimaliza picha yako ikiwa na uzito ambao sasa haina. Akikataa, utaifuta, na itakuuma, na utapona. Maonyesho yatakuja mengine. Na jina lake sikukuandikia hapa makusudi, ingawa aliniambia. Ukaliulize mwenyewe.

Nenda basi. Mungu akupe mkono usiotetemeka na macho ya kumwona mtu kabla ya rangi. Akutie njaa ya kula kwenye sahani za watu unaowachora. Na yule mama akikuuliza umeipata wapi namba yake, akujalie ujasiri wa kusimama mbele yake na kumjibu.